Bustani ya Baba, Kuku wa Mama

Baba alirudi nyumbani kukaa moja kwa moja mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki bila kutupa kitu. Alishuka na godoro, sanduku la bati, baiskeli, na mfuko wa kaki uliojaa mbegu za mboga. Alikuwa amestaafu kazi ya reli kule Itigi. Tangu nizaliwe nilimjua kama mtu wa likizo: anakuja na sukari na dumu la asali, anakaza bawaba za mlango, anauliza habari za shule, anaondoka. Safari hii sanduku lilipoingia ndani, mama alilitazama kwa muda kabla ya kusema liwekwe wapi.

Mimi ndiye kitinda mimba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo. Kaka na dada zangu walishaondoka, kila mmoja na mji wake. Kwa hiyo tulikuwa watatu katika boma letu, mbele kidogo ya Ihanja, sisi na kuku.

Kuku walikuwa wa mama. Miaka yote ambayo baba alikuwa relini, yeye alibaki kumtunza bibi, mama yake baba, kulima uwele na alizeti, na kufuga. Walilala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya tembe, wakiingia wenyewe jua likizama. Asubuhi mama alifungua mlango na wao wakatoka wakikimbia, mabawa wazi, kama watoto waliosikia kengele. Aliwajua mmoja mmoja. Alijua tetea yupi anataga kichakani, yupi anakula mayai yake mwenyewe, yupi ni mama mzuri. Aliyempenda kuliko wote alikuwa kishingo, koo mmoja mwekundu asiye na manyoya shingoni, ambaye mwewe alikuwa hathubutu kushuka karibu na vifaranga vyake.

Baba naye alikuwa na ndoto yake. Alitaka bustani. Alichagua kipande kilichokuwa kati ya jiko na zizi, mahali penye udongo mweusi uliolaliwa na samadi ya miaka mingi. Tatizo ni kwamba hapo ndipo kuku walipochakura kutwa nzima.

"Mama watoto," alisema asubuhi moja, jembe likiwa begani, "hawa kuku wafungiwe mpaka mboga zishike."

Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua uso. "Kuku wangu hawajafanya kosa, mzee. Wafungwe kwa nini?"

"Watafukua mbegu."

"Basi mbegu zipandwe kwingine. Wao walikuwapo kwanza."

Nilikuwa nimekaa kizingitini na nilijua kwamba mazungumzo hayo hayakuhusu kuku peke yao. Baba pia alijua, nadhani, maana alisimama pale kidogo, akakohoa, kisha akaenda kukata miiba. Akazungushia kipande chake uzio wa matawi ya migunga, akalima, akatengeneza matuta yaliyonyooka kama yamepimwa kwa kamba. Sijawahi kuona matuta ya namna ile kijijini kwetu. Akaweka mchicha, chainizi, nyanya, na tuta moja la vitunguu.

Kisha mvua ikanyesha. Watu wasiokaa nchi kavu kama yetu hawajui harufu ile, udongo uliokaa miezi mingi bila tone unapopokea maji. Jioni yake kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi, na kuku wakapigana vikumbo uani wakiwadaka hewani, hata majogoo wazee waliokuwa wakitembea kwa madaha walisahau heshima yao. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio wake, amelowa, naye akicheka. Nakumbuka niliwaza kwamba mambo yatakwenda vizuri.

Mchicha uliota. Ulikuwa kama manyoya mekundu juu ya matuta, na baba aliamka kabla yetu kwenda kuutazama. Na ni mchicha huo huo uliowaita kuku. Mchana mmoja nilikuwa naosha vyombo nikasikia baba akipiga kelele. Kishingo alikuwa amepata upenyo chini ya miiba, akaingia na vifaranga vyake, na walikuwa wanachakura katikati ya chainizi kwa bidii kubwa. Baba aliokota bonge la udongo akarusha. Nina hakika alikusudia kuwatisha tu. Lakini udongo ule ulikuwa umeanza kukauka, na ulimpata kishingo mguuni.

Mama alitoka jikoni aliposikia ukelele wa kuku. Alipita kwenye miiba bila kujali khanga yake inanaswa, akamwinua kishingo, akamshika mguu na kuupapasa polepole. Ulikuwa umevunjika. Hakumgombeza baba. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Aliniambia, "Niletee mabua na kile kitambaa cha zamani," nikaleta, na akakaa chini ya kivuli cha ghala akaufunga ule mguu kati ya vipande viwili vya bua la mtama, akimsemesha kuku kwa Kinyaturu kama anayembembeleza mtoto wa kudungwa sindano. Baba alisimama pembeni.

"Sikukusudia," alisema.

Mama alimaliza kufunga fundo, akamchukua kuku wake, akaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo hakuchuma jani hata moja bustanini. Mboga ziliendelea kukua, maana mvua ilikuwa njema, mchicha ukafika magotini, chainizi zikafungua majani mapana. Mama alipika ugali na mlenda mkavu wa mwaka uliopita, kila siku. Alimwandalia baba vizuri, alimnawisha mikono, alimkaribisha. Lakini ulikuwa mlenda mkavu. Baba alikula. Mimi nilikula nikitazama kupitia mlangoni zile mboga mbichi zinazong'aa, na moyoni nilikuwa namwonea kila mmoja huruma kwa zamu.

Siku moja mama alikwenda mazishini kijiji cha jirani. Alichelewa kurudi. Jua lilipoanza kulegea, baba aliingia bustanini, akachuma mchicha, akachimbua vitunguu vichanga, akaja jikoni. Niliinuka kumpokea.

"Kaa tu, mwanangu," alisema. "Leo mimi."

Sikuwahi kumwona mwanaume wa rika lake jikoni kwetu. Nilidhani ataniita baada ya kidogo. Badala yake aliuchambua mchicha, akatupa vishina vigumu, akauosha kwa maji mara kadhaa mpaka mchanga ukaisha. Akakata kitunguu kiganjani, bila ubao, kwa kisu kidogo, vipande vyembamba vinavyofanana. Akachochea moto akaupunguza. Akaniuliza karanga ziko wapi, akazitwanga, akaziroweka, akazimimina kidogo kidogo huku anakoroga. Alikuwa anapika kama mtu anayefanya jambo alilolifanya maisha yake yote.

Mama alirudi akamkuta pale, amechuchumaa mbele ya mafiga, anasonga ugali. Alisimama mlangoni na khanga yake ya msibani.

"Unafanya nini, mzee?"

"Napika. Umechoka, karibu ukae."

Alikaa kwenye kigoda, akamtazama akigeuza ule ugali. Mwiko ulikuwa unazunguka vizuri, hakuna bonge. Akatazama kile kitunguu kilichokatwa. Nilimwona akitazama kila kitu.

"Nani alikufundisha?"

"Njaa," alisema baba. "Kota zile ukirudi zamu huna mtu. Mwanzoni nilikuwa nakula mikate na chai. Baadaye nikaona nitakufa. Nikalima kibustani nyuma ya kota, nikajifunza."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima na mke wa mtu, ndipo mama aliponieleza kilichokuwa kinapita kichwani mwake jioni ile. Wanawake wa kijiji walikuwa wamemwambia tangu ujana wake kwamba mtu wa reli ana nyumba kila stesheni. Naye alikuwa ameamini, au alikuwa ameamua kuishi kama aliyeamini, ili siku akithibitishiwa asianguke. Alikuwa amemjengea kichwani huyo mwanamke wa Itigi: mnene kidogo, mpishi mzuri, mwenye sahani za maua. Kila baba alipoondoka, mama alimkabidhi kwa mwanamke huyo. Na sasa alikuwa anamwona mumewe akisonga ugali kama asongavyo mtu aliyezoea kujisongea mwenyewe, sufuria ya mtu mmoja.

Siku ile lakini hakusema hayo. Alisema tu, "Kumbe hukuwa na mtu wa kukupikia."

Baba aligeuka. Nadhani alielewa kuwa hilo lilikuwa swali, na swali la zamani. "Sikuwa na mtu," alisema.

Tukala. Mama alimega, akachovya kwenye mchicha wa karanga, akatafuna polepole. "Chumvi kidogo imepungua," alisema, na baba akainuka mwenyewe kuifuata chumvi.

Asubuhi iliyofuata walitengeneza banda la kuku pamoja. Baba alisimika nguzo, mama akafunga fito kwa kamba za gome, na walibishana juu ya kila kitu: mlango utazame wapi, paa liwe na mteremko kiasi gani, viota viwe chini au juu. Mimi nilisomba matope ya kukandika. Mama alikubali kuku wake wakae ndani asubuhi, watoke alasiri mboga zikiwa na wa kuzilinda. Na mlinzi akawa baba. Kwa kuwa kuku waliofungiwa hawawezi kujitafutia wadudu, alijifunza kwa mama kutega mchwa: chungu kilichojazwa mabua na mavi ya ng'ombe, kinafunikwa juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi kimejaa. Alikuwa akikibeba chungu hicho kwa mikono miwili, anatembea kwa uangalifu, na kuku wakimwona walianza kuimba. Mama naye alimpa mbolea ya kuku kwa ajili ya nyanya, akamwonya aiache ipoe kwanza isije ikaunguza miche.

Alasiri walikaa kwenye mkeka kando ya uzio, fimbo ndefu kati yao, wakilinda. Nilipita nikitoka kuchota maji, nikawasikia wakizungumza. Baba alikuwa anasimulia usiku wa mvua kubwa relini, tuta la reli lilipokatika na wao wakatembea na taa kutafuta palipobomoka. Mama alikuwa anasimulia mwaka wa njaa, na jinsi bibi alivyokufa akimwita yeye kwa jina la mwanawe. Ilikuwa habari ya miaka mingi na hawakuwa na haraka. Kishingo alipona, akawa anachechemea, na baba ndiye aliyempigia mwewe kelele kila alipokiona kivuli chake.

Matokeo yangu yalipotoka niliondoka kwenda kuendelea na shule, na baada ya shule nikapata kazi Singida mjini. Kila nilipokwenda nyumbani niliwakuta na jambo jipya: mara tuta la bamia, mara kuku wa kuchi wenye miguu mirefu ambao baba alisema ni wababe kupita kiasi. Baba aliishi miaka mingi ya namna hiyo. Alifariki katikati ya kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, na vijana waliochimba kaburi walilazimika kupokezana sana. Mvua za mwaka ule mama hakulima bustani. Miiba ilianguka, ikaliwa na mchwa.

Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, alinipigia simu akasema nikija nibebe mbegu za chainizi, zile za majani mapana. Hakueleza zaidi. Nilikuta ameshaanza kulima, peke yake, kwa jembe lililokuwa zito kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika bila kusimamisha jembe, na nikalichukua mikononi mwake. Matuta yetu hayakunyooka. Alikaa kwenye mkeka akinielekeza, sogeza huku, ongeza kule, halafu akatazama mawingu.

"Utakaa mpaka palizi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku chache tu kazini. Nikamwambia nitaongea nao, nitakaa.