Kitabu cha Tatu Ambacho Hatukukisoma

Mimi niliacha shule darasa la sita, na Kiingereza changu ni cha dukani, cha kuuliza bei na kusema asante. Lakini kuna hadithi moja ya Kiingereza ninayoijua kuliko wengi waliosoma. Vitabu tisa. Sikuvisoma, nilisomewa, na vya mwisho nikasimuliwa.

Vilikuja kwa katoni. Wageni fulani walitembelea kanisa letu dogo la mabati pale Kibomet, nje ya mji wa Kitale, wakaacha viatu vya mitumba, miwani ya kusomea na hiyo katoni. Ndani mlikuwa na riwaya nene za siku za mwisho, mfululizo mmoja, kila kitabu na namba yake mgongoni. Unyakuo unafika, watu wema wanatoweka, na waliobaki wanahangaika chini ya Mpinga Kristo kitabu baada ya kitabu. Mama Pasta alitaka kuwashia navyo jiko. Angefanya hivyo, mimi leo ningekuwa mtu mwingine. Aliyemzuia ni Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa kaunda suti na kalamu mbili mfukoni. Ni wa kwanza ninayemlaumu. Jina lake sitaandika, wala la mwingine yeyote, anayejijua atajiona humu. Alianzisha kikundi cha Alhamisi, saa nane mchana, watu wakishatoka shambani. Alisoma ukurasa kwa Kiingereza, kwa sauti ya mahubiri, kisha akatueleza kwa Kiswahili. Sura ikiisha, alifunga kitabu kidole kikiwa ndani na kusema, "Haya, maoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Kila mtu asimame, atoe maoni yake. Ukikaa kimya, wewe ni vuguvugu, na vuguvugu, Biblia inasema, hutapikwa.

Sitadanganya, nilipenda. Mume wangu, ambaye tangu tuoane hakuwa amenisemesha maneno kumi kwa siku, alianza kuniuliza tukirudi nyumbani, "Unaonaje, yule daktari wa meno wa kitabuni ataokoka?" Nilikuwa nangoja Alhamisi kama mtoto anavyongoja Krismasi.

Na maoni yalikuwa maoni kweli. Kulikuwa na mama mmoja muuza sukuma wiki, mdomo wake hauna kifuniko. Siku moja alisimama akasema, "Mimi swali langu ni moja tu, Mwalimu. Hii dhiki ya miaka saba, nani analima? Tumesoma vitabu viwili na sijaona mtu ameshika jembe. Ni kahawa tu wanakunywa."

"Mama, kule kwao wana mashine."

"Na mashine itapalilia aje, kama dereva amenyakuliwa?"

Tulicheka mpaka mume wangu akafuta machozi. Mimi maoni yangu siku hiyo yalikuwa kwamba wanawake wa humo ndani wanalia sana na wanaomba sana, lakini hakuna hata mmoja anayemwambia mumewe hapana. Mwalimu alisema nimenena vizuri, ila nimekosa unyenyekevu. Nikakaa chini.

Shida ilianza na kitabu cha tatu. Katoni ilikuwa na cha kwanza, cha pili, halafu cha nne. Cha tatu hakikuwepo. Tulimwaga katoni yote, tukatafuta hata ndani ya viatu vya mitumba. Mwalimu alikaa Alhamisi mbili bila kusoma chochote, akatafuna kalamu. Ya tatu akaja mikono mitupu, akasema ameomba, na pia amepigia simu mtu aliyesoma vyote, kwa hivyo atatueleza cha tatu kutoka kichwani.

Alikieleza mwezi mzima. Na nitasema ukweli, kilikuwa kitamu kuliko vyote. Watu humo walianza kulima. Wanawake walianza kusema. Tulitoa maoni mpaka jua likatua. Kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona kwa macho, ndicho tulichokijadili kuliko vingine vyote.

Katika hicho kitabu chake cha tatu, waumini walikimbilia milimani, na kabla ya kupanda walikusanya karatasi zao zote zenye namba za serikali, wakampa mzee mmoja azifiche ili Mnyama, yule Mpinga Kristo, asiwasome. Wakati huo redio ilikuwa imejaa habari za vitambulisho vipya vya kidijitali, na kule sokoni kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya hizo namba. Mume wangu alisimama. Maoni yake yalikuwa maneno matatu: "Sisi tunangoja nini?"

Huyo ni wa pili ninayemlaumu. Wa tatu ni Mama Pasta, ambaye aliingia nyumbani kwake akarudi na mkebe wa biskuti, ule mkubwa wa bati. Tuliinua mikono, kisha vipande vikapita mkono kwa mkono mpaka ndani ya mkebe. Nasema kipande, ndivyo tunavyoita kitambulisho huku. Changu nilikitoa kwenye leso nilimokuwa nimekifunga. Wa nne ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono.

Mkebe ukafungiwa kwenye kabati la Mama Pasta, na ufunguo akauvaa shingoni.

Mwezi uliofuata laini yangu ya simu ikafa. Kuirudisha, wanataka kipande. Dada yangu yuko Bungoma, ndiye aliyekuwa akinipigia kila Jumapili, na alipoona kimya alidhani nimeanza kiburi cha watu wa Kitale. Mume wangu alikuwa na simu, lakini alisema kuongea na watu wa dunia kunapunguza nguvu. Nilipotaka kwenda Bungoma mwenyewe, aliniambia niombe ruhusa kwa kikundi. Kikundi kikasema tungoje. Siku nyingine nilimuuliza Mama Pasta kwa upole kama naweza kukiazima kipande changu kwa siku moja tu. Akacheka. "Kuazima? Kwani mtu huazima chake?" Nilicheka pia. Nilipofika kwangu ndipo nikasikia alichokuwa amesema: kipande si changu tena.

Hakuna aliyenifungia mlango. Nilikwenda sokoni, nilikwenda kanisani, nilikwenda Kiminini tulikokodi kipande cha shamba, nikarudi. Lakini nilijua hata nikiamua kuondoka, nitaondoka nikiwa sijulikani mimi ni nani. Ukiwa hivyo unajifunza kutabasamu. Kitabu cha nne, cha tano, cha sita, nilisimama nikatoa maoni, nikasema ninabarikiwa.

Kisha kitinda mimba wetu akamaliza kidato cha nne, akafanya vizuri, na ikaja barua: nafasi ya chuo, upande wa Kibabii. Kwangu mimi, Kibabii ni kama nyumbani, ni huko huko Bungoma, angekaa kwa dada yangu. Lakini fomu za kusomeshwa na serikali zilitaka namba ya kitambulisho. Na kuchukua kitambulisho, mtoto anatakiwa alete nakala ya kitambulisho cha mzazi. Vya wazazi wake wote wawili vilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti.

Baba yake alisema, "Chuo cha miaka minne? Bwana hatangoja miaka minne."

"Baba, kama hatangoja, nikimsubiri nikiwa darasani kuna ubaya gani?"

Aligonga meza, akasema hayo ni maneno ya Mpinga Kristo. Kwake siku hizo, kila swali aliloshindwa nalo lilikuwa la Mpinga Kristo.

Binti yangu si mtu wa kelele. Alitoka kwenda Kitale mjini kuuza parachichi, na pale wanapotandika vitabu vikuukuu juu ya karatasi ya nailoni, kando ya barabara, akakiona. Mgongoni kimeandikwa namba tatu. Alikileta jikoni kwangu, na kwa siku mbili, mimi nikipukuchua mahindi, akanisomea kwa Kiswahili chake cha haraka. Hakuna milima. Hakuna mzee. Hakuna aliyempa mtu karatasi yoyote.

"Mama, sikia hapa," alisema. "Kumbe hawa watu wana pasipoti mbilimbili. Za kughushi! Wanapita kila kizuizi wakionyesha karatasi. Bila karatasi wangekufa sura ya pili."

Nilicheka, kisha nikaelewa Mwalimu alichotufanyia, nikajikuta nimekaa juu ya mahindi niliyopukuchua.

Alhamisi nilikibeba kile kitabu ndani ya leso. Mwalimu aliposema "Haya, maoni," nilikuwa nimeshasimama.

"Maoni yangu ni juu ya kitabu cha tatu," nilisema.

"Hicho tulimaliza, mama."

"Hatukukianza." Nikakiweka mezani. "Mimi sijui kusoma hiki, lakini msichana wangu anajua. Humu watu wa Mungu wameshika karatasi zao kwa mikono miwili. Sasa mimi nauliza, hivi vipande vyetu vilienda kwa mkebe kwa sababu ya kitabu gani?"

Mwalimu alivaa miwani, akafungua, akasoma kurasa mbili kimoyomoyo. Tulimtazama midomo. Kisha akasema, "Hili ni toleo lililochezewa."

"Si wewe ulisema ulipigia mtu simu?" muuza sukuma aliuliza. "Yeye alisoma toleo gani?"

Mwalimu akavua miwani. Mama Pasta ndiye aliyesema, "Ati mtoto anasoma peke yake, bila mkubwa wa kumwelekeza, na sisi tumfuate? Maoni ni juu ya kitabu, si juu ya mtu."

"Basi nipe kipande changu niende zangu."

Alishika ufunguo kifuani. "Tutaliombea. Wiki tatu."

"Wiki tatu mtoto atakuwa amepoteza nafasi!"

Mume wangu akaongea bila kuniangalia. "Kaa chini. Unaniaibisha."

Niliangalia wale wengine, watu kama kumi na sita. Muuza sukuma alikuwa ameinamisha kichwa anahesabu vidole vyake. Kila mmoja alikuwa na chake ndani ya kabati lile. Nikatoka peke yangu, na kitabu nikakiacha pale mezani. Nasikia walikichoma.

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi, kwa maana ukitaka kipande kingine lazima kwanza uandikishe kwamba cha kwanza kimepotea. Askari alikuwa kijana, sawa na mwanangu wa kwanza.

"Kimepotelea wapi, mama?"

"Hakijapotea. Kiko Kibomet, kwenye kabati la Mama Pasta."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote, nikamtajia watu wote wanne kwa majina ya ubatizo na ya ukoo, na langu nikaliweka mwisho. Alisikiliza vizuri, sitamlaumu.

"Mama, hiyo sasa ni kesi, na naweza kuifungua. Lakini kesi itaenda polepole. Leo unataka kesi ama unataka kipande?"

"Nataka mtoto aende shule."

"Basi niambie kimepotea."

Maisha yangu yote sikuwa nimesimama mbele ya serikali nikasema uongo. Nikasema kimepotea. Nikasema kilianguka njiani nikitoka sokoni. Akaandika, akanipa karatasi. Hivyo wale wanne hawakuandikwa popote, na ndiyo sababu ninaandika mimi.

Kipande kipya kilichelewa. Changu kilitoka kwanza, ndipo cha binti yangu kikaanza kutengenezwa, na tarehe ya kuripoti ikapita tukiwa bado tunangoja. Mwaka mzima alikaa nyumbani akipukuchua mahindi na mimi, hanilaumu kwa mdomo. Baba yake aliendelea na Alhamisi zake. Walifika kitabu cha tisa, nikaambiwa kwamba Bwana anarudi kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, na kwamba Mwalimu alilia. Mimi bado ninaishi katika nyumba ile. Napika, anakula, hatuongei habari ya vitabu wala ya kitu kingine.

Siku kitambulisho cha binti yangu kilipofika tulikwenda pamoja kukichukua. Alikigeuza, akaangalia picha yake, akasoma jina lake taratibu kama mtu anayehakikisha. Nilimwambia, "Hicho usimpe mtu yeyote akuwekee. Hata mimi."

Alikuwa ameshakitia mfukoni, mfuko wa upande ule mwingine, mbali na mkono wangu.