Kompyuta Iliyochaguliwa kwa Sikio

Nilimwahidi mama kwamba kabla ya siku yake ya kurudi kliniki ya masikio angeweza kukaa nami sebuleni mchana kutwa, kompyuta yangu ikifanya kazi na yeye akiwa amevaa vifaa vyake vya kusikia, bila kutamani kuvitoa. Ilikuwa ahadi ya majuma sita. Nilimtamkia polepole, uso kwa uso, ili asome midomo yangu, kwa sababu wakati huo vifaa vyenyewe vilikuwa vimesharudi kwenye kikopo cha plastiki alichokiweka kabatini nyuma ya sukari. Aliviita maharagwe yake. Kweli vilikuwa na umbo hilo, na rangi hiyo pia.

"Hiyo mashine yako inasaga," alinijibu kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. "Nimetoka kwa kinu kimoja, umeniletea kingine ndani ya nyumba. Na hiki hata unga hakitoi."

Mama alisimamia kinu cha kusaga unga pale Emali tangu kabla sijazaliwa hadi nilipomaliza chuo kikuu. Kinu kilikuwa ndani ya chumba cha mabati kando ya barabara, mkanda ukizunguka karibu na bega lake na malori ya Mombasa yakinguruma nje. Kila muhula niliosoma ulitoka ndani ya chumba kile. Alipostaafu na kurudi nyumbani Mutomo, mwili wake ulirudi wote, ila masikio yalibaki Emali. Ndugu walizoea kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Mimi pia nilizoea, na hilo naliandika kwa aibu.

Vifaa vile alikuwa amepewa vya majaribio. Mtaalamu wa kliniki alitueleza waziwazi: ubongo uliokaa kimya muda mrefu husahau maneno, na dawa yake ni kuvaa vifaa kila siku, saa nyingi, hadi uzoee tena. Vifaa vyenyewe hujihesabia saa vilizovaliwa. Kama saa zingekuwa chache, angepewa mwingine aliyekuwa akivingoja. Hakusema hivyo kwa ukali. Orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu, na sikuona namna ya kumlaumu.

Tatizo lilikuwa mimi. Nachora ramani za mabwawa ya mchanga, yale yanayojengwa katika mito yetu mikavu ili mchanga uyatunze maji ya mvua. Kazi hiyo huifanyia nyumbani, na ramani zake ni nzito, kwa hiyo nilikuwa nimenunua kompyuta ya mezani iliyowahi kutumika ofisini. Nyumba yetu ina sebule na vyumba viwili vidogo, na umeme wa sola umefika sebuleni tu. Chini ya mabati yale, kufikia saa nane mchana, feni zake tatu zilizunguka kama zinazokimbizwa, na diski yake ya kizamani ilitafuna kitu usichokiona. Kwangu ulikuwa mvumo wa kawaida, niliacha kuusikia siku ya pili. Kwa mama, vifaa viliuchukua mvumo huo vikaukuza na kuumimina masikioni mwake bila kupumzika. Lori hupita. Jogoo huwika akanyamaza. Mvumo ule haukupita. Nilikuwa natafuta maji ya watu nisiowajua huku nikimfungia mlango mama yangu mwenyewe.

Yeye ndiye aliyejaribu kwanza. Siku moja nilitoka kisimani nikakuta ameifunika kompyuta kwa kile kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, ambacho kwa kawaida hufunika runinga Jumapili wageni wa kanisa wanapokuja. Alikuwa ameipa heshima kubwa. Kompyuta, ikiwa imekosa hewa, ilikuwa inapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tangu siku hiyo.

"Nilifikiri italala," alisema, akikitoa kitambaa.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Kitui mjini. Muuzaji niliyeelekezwa kwake ni mzee mmoja ambaye babu zake walitoka pwani, wakafanya biashara Kitui na wasirudi tena. Kiswahili chake hunifanya niseme sentensi zangu mara mbili kichwani kabla ya kuzitoa. Nilimweleza jinsi kompyuta yangu inavyovuma, nikamwomba feni za kimya kuliko zote alizonazo.

"Kijana wangu, unaanza mkiani," alisema. "Feni haipigi kelele kwa kupenda. Feni inafukuza joto. Punguza joto kwanza, kisha feni itakuwa haina wa kumfukuza."

Nikasimama pale kaunta kama mwanafunzi. Alinionyesha prosesa inayofanya kazi bila kuchemka sana. Akanionyesha diski isiyo na sehemu yoyote inayozunguka, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha, na ndani yake ingekaa miaka yote ya ramani zangu bila kutoa hata mnong'ono. Akanionyesha kipozeo cha joto, pande la mabamba membamba ya alumini yaliyopangwa kama kurasa, na akanieleza kwamba feni pana ikizunguka polepole husukuma hewa sawa na feni ndogo inayohangaika. Nilishangaa. Nilikuwa nimeishi na kompyuta tangu shule ya upili, na sikuwahi kufikiri kwamba kimya nacho hujengwa, kipande kwa kipande, na watu waliokaa chini wakakitafakari.

Tulipofika kwenye feni yenyewe, alisita.

"Ni masikio ya nani yatakayosikiliza?"

"Ya mama."

"Basi mlete mama. Tena uje naye Ijumaa, leo hapa hata radi huisikii."

Nje spika ya muuza dawa za panya ilikuwa inashindana na spika ya mhubiri.

"Mama hajui mambo ya kompyuta," nilimwambia.

Mzee alinitazama, akafunga boksi. Nilichagua feni kwa kusoma maandishi ya boksi. Lililosifu ukimya kwa herufi kubwa zaidi ndilo nililolichukua.

Nilifunga vipande vyote ndani ya kompyuta kwa siku mbili. Nilipoiwasha, taa ilionekana lakini sikusikia kitu. Niliinama hadi shavu likagusa kasha, nikahisi pumzi kidogo ya hewa, basi. Nilimwita mama kwa mkono kama mtu aliyeona mwujiza. Akavaa maharagwe yake, akakaa, akasikiliza. Nilihesabu moyoni. Kabla sijafika mia, aliinua mkono akatoa kimoja.

"Kinu kimeondoka," alisema. "Lakini kuna kitu chembamba kinalia."

"Hakuna kitu, mama."

"Kinalia, nakwambia."

Nilianza kumweleza, kwa subira ile mbaya ya waliosoma, kwamba huenda ni vifaa vyenyewe. Hakuningoja. Alikirudisha kile kifaa sikioni, akasimama, akaweka kiganja juu ya kasha. Akakisogeza taratibu, kichwa kimeinama upande, macho hayatazami popote. Nilimjua mtu huyu. Nilikuwa na miaka sita au saba pale Emali nilipomwona akizunguka kinu vivyo hivyo, wateja wakingoja na madebe yao ya mahindi, kisha akakizima na kumwambia fundi afungue upande wa kushoto. Fundi alicheka. Alipofungua, aliacha kucheka.

Kiganja kilisimama. "Hapa. Beringi inalia."

Hapo palikuwa na feni yangu mpya, inayozunguka juu ya beringi kama gurudumu la kinu. Niliuchomoa waya wake.

"Haya," mama alisema mara moja. "Kimenyamaza."

Niliurudisha waya nikakunja gazeti kuwa bomba, nikaliweka baina ya sikio langu na feni, nikazuia pumzi. Ulikuwapo. Uzi wa sauti, mwembamba sana, kama wembe unaopitishwa juu ya kioo chumba cha tatu. Nikakaa sakafuni. Mwanamke ambaye ukoo mzima ulimwita kiziwi alikuwa amesikia nisichokisikia, na amejua jina lake, na amejua kilipo. Vifaa vilikuwa vimemletea sauti tu, lakini kuijua ilikuwa kazi ya maisha yake. Nilikuwa nimedhani kwamba kelele za Emali zilimwibia kila kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba miaka yote ile alikuwa anazisoma.

"Kinu kikitaka kuvunjika husema mapema," alinieleza, kana kwamba ni jambo la kila mtu. "Usiposikia, mkanda unakuondolea mkono. Mimi mikono yangu ninayo."

Akainyoosha yote miwili mbele yangu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya kliniki.

Ijumaa tulikwenda Kitui pamoja. Mama alivaa rinda la kanisani na maharagwe yake. Mzee wa duka alimwamkia kwa adabu, akamtazama, kisha akanitazama mimi kwa namna iliyonitosha. Ilipokaribia saa saba alivaa kofia yake.

"Mama, mimi naelekea msikitini. Nitawafungia humu ndani, mlango wa mbele nitaushusha. Hiki hapa kisanduku cha feni zote nilizonazo, na umeme wa kuzijaribia huu. Zisikilizeni kwa nafasi yenu."

Akatuachia duka lake lote, watu asiowajua, na kuuteremsha mlango wa chuma. Mji ulirudi nyuma. Baadhi ya maduka jirani nayo yalikuwa yamefungwa, na kilichobaki nje kilikuwa mbali kama mvua ya kijiji kingine. Nilianza kuunganisha feni moja baada ya nyingine, na mama, aliyeketi kwenye kiti cha mwenye duka, akawa hakimu.

"Hii inakohoa. Weka kando."

"Hii je?"

"Hii ni ya kijana. Inaharakisha, halafu itachoka."

"Na hii?"

"Hii haina shida, ila imefungwa vibaya, inagonga. Ishike hapo pembeni. Umeona?"

Nilikuwa nimeona, au tuseme nilianza kusikia. Alinifundisha kuacha kusikiliza kwa bidii. Alisema sikio likikazwa husikia lenyewe tu. Feni ya saba au ya nane ilikuwa pana, ya rangi ya udongo, bila boksi, imetolewa kwenye mtambo fulani uliovunjwavunjwa. Niliiunganisha. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amefumba macho.

"Hii inapumua kama mtu aliyelala ameshiba," alisema. "Chukua hii."

Mzee aliporudi, mama alikuwa amemtengea feni moja mpya kabisa.

"Hii usimwuzie mtu."

"Mama yangu, hiyo haijawahi kufungwa popote. Imetoka kwenye boksi juzi."

"Imetoka kwenye boksi ikiwa mgonjwa. Izungushe polepole kwa kidole."

Aliizungusha karibu na sikio. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Mara ya tatu alisema, "Subhanallah," akaitupia chini ya kaunta. "Mama, uwe unakuja kunichagulia mali kila Ijumaa."

"Na wewe utakuwa unakuja Mutomo kunilishia mbuzi?"

Walicheka wote wawili, na ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa amejibu mzaha wa mtu ambaye hakuwa anamtazama usoni.

Nyumbani aliniongezea jambo moja ambalo halimo katika mwongozo wowote niliousoma: alikata vipande vinne vya mpira kutoka kwenye akala kuukuu za tairi, akaniambia niviweke chini ya kasha, kama alivyokuwa akiweka chini ya miguu ya kinu, ili meza isiimbe. Kisha tukaanza kungoja joto la mchana, maana kimya cha asubuhi si kazi. Saa nane ilifika, mabati yakaanza kulia kwa jua. Feni iliongeza mwendo kidogo, kwa sauti nzito ya chini ambayo mama aliipokea na kuiacha ipite. Alikuwa ameketi na ungo wa ndengu mapajani, akitoa mawe. Sikuthubutu kumwuliza kitu. Nilichora.

Nina tabia ya kunong'ona nikichora. Sikujua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia.

"Huo mto hauishii hapo," mama alisema nyuma yangu.

Niligeuka. Hakuwa ameinua macho kutoka kwenye ungo.

"Umesema unaishia kwenye mawe. Hauishii. Unaingia chini ya mchanga, halafu unatokea tena huku chini, karibu na ule mkuyu mkubwa. Tulikuwa tunachimba hapo nikiwa msichana, mkono mmoja tu, maji."

Siku ile sikumaliza kazi. Nilimsogezea kiti mbele ya skrini, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuchimba ambapo hapakuwa katika ramani yoyote niliyopewa, na tulipoinuka kupika chai vifaa vilikuwa bado masikioni mwake. Vilibaki humo kesho yake, na siku zilizofuata. Kliniki walisoma saa zilizohesabiwa, wakamwuliza maswali kwa sauti ya kawaida, wengine wakiwa nyuma yake, naye akayajibu. Vifaa akaachiwa.

Nina ombi moja kwako unayesoma. Kama nyumbani kwako yuko mtu uliyezoea kusema kwamba hasikii, leo zima kila kinachovuma, kaa karibu naye, umwulize anasikia nini. Kisha usimbishie.