Eshofma ya Kuwangojea Runingu

Uwanja wetu pale Uvira siku hizi hauchezwi mpira. Umejaa mahema ya watu waliokimbia vita, na kwenye goli la upande wa ziwa kuna mama anaanika nguo. Simlaumu, ningekuwa yeye ningeanika hapohapo. Lakini kila nikipita na beseni langu la ndagala, dagaa wa ziwani ninaouza, kichwani, mguu unaniuma palepale ulipoumia siku ile, na hasira inanipanda upya.

Nilikuwa winga wa timu ya wasichana ya mtaa wetu. Nilikuwa na mbio, nasema bila aibu. Tukasikia kwamba bwana mmoja anakuja kutoka Bukavu kututazama tukicheza na wasichana wa Runingu, na kwamba anatafuta winga mmoja, mmoja tu, wa kupewa mahali pa kulala na shule. Mimi shule nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya beseni hilihili. Nilikitaka kile kitanda cha Bukavu mpaka nikawa sili vizuri.

Kocha wetu, mzee mwenye goti bovu, alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga. Ukishaanza eshofma, yaani kupasha mwili joto kabla ya mechi, hukai chini mpaka wapinzani wako waingie uwanjani. Timu ikikutwa imekaa, imeshafungwa. Mtaa mzima uliamini hivyo. Hata watazamaji walikuzomea ukipiga goti kufunga kamba za kiatu.

Basi siku ya mechi tukaanza mara tu baada ya ibada, tukizunguka uwanja mbio, tukipiga makofi na kuimba nyimbo za kwaya. Nilikuwa mwepesi ajabu. Nawapita wenzangu wote, nawarudia, nawapita tena, na watoto kando ya uwanja wanapiga kelele. Sijawahi kukimbia vile tena.

Runingu hawakuja. Kocha akapiga simu, akaambiwa lori lao limesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani.

"Kamio yao iko ku bariere," akatuambia. "Banafika sasa hivi. Mukimbie!"

Tukakimbia. Jua likawa kali, vumbi likatuingia puani, nyimbo zikatuishia tukaanza za Krismasi. Akapiga tena simu, na ile sasa hivi ikawa bado ni sasa hivi. Kipa wetu akaegemea mlingoti wa goli.

"Papa kocha, miye magulu inaisha kuchoka. Tukale chini hata kidogo tu."

"Weye, unataka batukute tumekala? Na ule papa wa Bukavu atasema nini?"

Hilo ndilo lililoturudisha mbioni, na mimi wa kwanza. Kila mwanaume mgeni aliyetokea pale uwanjani nilidhani ndiye, nikaongeza mbio. Mmoja alikuwa muuza mayai.

Lori liliingia wakati watoto wanarudi na madumu ya maji ya jioni. Wasichana wa Runingu wakashuka wakijinyoosha. Winga wao alikuwa bado na mikunjo ya kitenge shavuni, kwa jinsi alivyolala njia nzima. Wakaruka-ruka kidogo, wakasema wako tayari. Na kutoka kiti cha mbele, pembeni ya dereva, akashuka bwana wa Bukavu. Alikuwa amewaomba lifti. Muda wote alikuwa amekwama nao kwenye kile kizuizi cha barabarani, na mbio zangu zote zilikuwa zimeonwa na watoto na mbuzi.

Mpira wa kwanza niliopewa, nyama ya nyuma ya mguu ikakaza kama kamba iliyolowa. Nikaanguka. Wakaninyoosha, nikainuka, nikaanguka tena. Wenzangu nao walikuwa wanatembea. Upande wa pili yule aliyetoka usingizini alikuwa anapita tu, na walitufunga mpaka watazamaji wetu wakaanza kuwashangilia wao.

Mechi ilipokwisha, bwana wa Bukavu akamwita winga wa Runingu kando ya lori, akamwomba namba ya simu ya baba yake. Nikajikokota mpaka pale, nikasimama. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka tu anione nimesimama. Akautazama mguu wangu kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko mguu wenyewe.

"Weye binti, uko na mwili ya mbio," akasema. "Lakini siku ingine, mbele ya mechi, ufanyage eshofma."

Kocha alikuwa nyuma yangu. Akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, papa," nikajibu.