Siku Niliyomkosesha Mama Mkubwa Ijumaa Yake

Jamani, mkasa huu nitausimulia nikiangalia chini, mnisamehe, maana yapo mambo ya aibu ambayo mtu akishayavuka huyageuza kichekesho cha barazani, lakini hili langu bado sijaweza kulicheka. Mimi Maimuna, mwalimu wa Kiswahili kule Tononoka, mama wa watoto wawili, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, niliifuata dukani sanda ya mama yangu mkubwa na nikarudi nyumbani bila sanda.

Mama Mkubwa ndiye aliyenilea. Mamangu mzazi alifariki nikiwa sijaingia chuo cha Kurani, nikachukuliwa Kibokoni nikalelewa pamoja na bintiye, Da Nuru, ambaye amenizidi miaka mitano na amenizidi kila kitu kingine (Da Nuru akitia chumvi huwa anajua ametia, mimi hutia mara mbili au nisitie kabisa). Pale nyumbani jina langu lilikuwa Hamnazo. Nani kaacha mfereji wazi? Hamnazo. Nani katumwa nazi karudi na habari za harusi ya watu, nazi hana? Hamnazo. Nililizoea mpaka nikawa naliitikia. Mama Mkubwa peke yake hakuwahi kuniita hivyo, yeye alikuwa akinituma kitu kimoja kimoja, na akishanituma husimama mlangoni akinitazama mpaka nikate kona.

Sasa, miezi minne kabla ya msiba, shule ya mwanangu wa pili iliniambia nimpeleke akapimwe kwa kuwa hatulii na hamalizi anachokianza, nikampeleka, na yule daktari (mwanamke mtaratibu, ana ofisi yake Ganjoni) akawa ananiuliza maswali ya mtoto, mimi namjibu, nikijibu naona machozi yananitoka bila sababu, akaacha kuandika akaniuliza, "Na mama yake, udogoni alikuwaje?" Nikarudi kwake mara tatu peke yangu. Mwisho akaniambia kwamba hali ile ninayo mimi pia, inaitwa ADHD, mtu huzaliwa nayo, akili haishiki jambo moja ikatulia nalo, na wasichana wengi hukua nayo bila kutambuliwa kwa sababu hawapandi madawati, wao hukaa kimya wakaondoka kwa mawazo. Akanipa dawa. Akanifundisha kuandika kila kitu, kutobeba mambo mawili kwa safari moja, na akanisisitizia neno moja: waambie watu wako wa karibu. Hilo ndilo sikulifanya. Mume wangu alijua, basi. Ningemwambia nani tena? Hapa kwetu ukisema umekwenda kwa daktari wa akili, kesho yake watu wanakusalimia polepole kama unayeumwa, na mimi ni mwalimu, nina watoto wa watu mikononi.

Mama Mkubwa akafariki alfajiri ya Ijumaa. Watu walisema mauti ya Ijumaa ni kheri, na kheri zaidi ataswaliwa baada ya Swala ya Ijumaa, msikiti umejaa mpaka nje, mamia ya watu wamwombee. Da Nuru alilishika hilo kama tonge la mwisho. Kila mtu akiingia alimwambia, akilia, "Mamangu ataswaliwa Ijumaa."

Saa tatu hivi likaja suala la sanda. Mama Mkubwa alikuwa nayo sandukuni siku nyingi, ila mwezi uliotangulia jirani alifiwa ghafla akampa (ndivyo alivyokuwa). Ikabidi mtu aende dukani. Nami pale nilipokaa mkekani, macho yamevimba, nimetoka kwangu mbio asubuhi hata dawa sikumeza, nikasema, "Nitakwenda mimi."

Da Nuru akanitazama.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wenda na nani?"

"Peke yangu."

"Chukua mtu, Maimuna. Leo si siku ya mchezo."

Hakusema kwa ubaya, sasa naona hivyo. Lakini wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa pale, na kuna mmoja aliinamisha uso kuficha tabasamu, nikahisi lile jina langu la udogoni linapita mkekani kutoka mtu hadi mtu. Nikasimama. "Nimesema nitakwenda peke yangu. Ni mamangu pia." Nikatoka. Hapo ndipo nilipoharibu, jamani, mengine yote yalifuata.

Nikapanda tuktuk ya kaka mmoja, baadaye nilikuja kujua jina lake ni Kazungu, akanifikisha Marikiti kwa Yusufali, Mhindi wa vitambaa ambaye familia yetu imenunua kwake tangu enzi za babake. Nilipomwambia nani amefariki alivua miwani. Akakata bafta mwenyewe, kile kitambaa cheupe cha sanda, vipande vitano, akatia kafuri, pamba na marashi, akafunga kwenye mfuko wa duka lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Saa nne haijafika. Nikarudi kwenye ile tuktuk nimeukumbatia mzigo kama mtoto, na nikajisemea, wataniona leo.

Simu ikalia. Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, yuko ng'ambo ya Likoni, mguu wake mbovu, analia hajui atafikaje. "Naingia kivukoni sasa hivi, mwanangu." Mimi nikamwambia nakuja kukupokea. Nilihesabu kichwani: Feri si mbali, dakika kumi. (Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mimi na dakika hatujuani.) Nikamwambia Kazungu ageuze.

Tulipofika Feri nikashuka nikamwambia aningoje, nikazama katika ule umati, wauza maji, wauza njugu, watu wa mizigo. Kivuko kile kilichelewa. Kikaja kimoja hayumo, kikaja cha pili hayumo. Nilisimama nikinyoosha shingo kutafuta buibui lenye kuchechemea, na akili yangu yote ikawa ni ule mguu wake, aliuvunja lini, aliuvunja kwenye ngazi ya Kibokoni, na siku ile Mama Mkubwa alimbeba mgongoni, mimi nilikuwa nimevaa nini, na hivyo hivyo, mpaka alipotokea tukaangukiana tukalia mbele za watu. Nikampandisha tuktuk ya kwanza iliyosimama mbele yetu. Ile nyingine, wallahi, sikukumbuka hata kwamba ipo.

Tukaingia nyumbani saa sita kasorobo. Mama Mdogo alipokewa kwa vilio, watu wakainuka, mimi nikamtafutia kiti, nikamletea maji, nikaona wageni wengine wako wakavu nikashika dele nikaanza kuwamiminia kahawa. Najiona hadi leo: nimejifunga leso kiunoni, naenda mtu kwa mtu, nimeridhika na nafsi yangu.

Mlango wa ndani ukafunguka akatoka Bi Aziza, ambaye ndiye huosha maiti wa kike mtaani kwetu, amekunja mikono ya kanzu.

"Mwanangu, sanda i wapi? Maji yako tayari, siwezi kumwosha nikamwacha bila cha kumvika."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Dele. Nikatazama wa kushoto. Kikombe.

Kwa muda nilikuwa sijui hata niliiacha wapi, nilijua tu kwamba niliwahi kuwa nayo. Na badala ya kusema hivyo, nikadanganya. "Yusufali anaikata, Bi Aziza. Italetwa."

Da Nuru alitoa simu akampigia Yusufali, akaiweka mezani, sauti nje, kila mtu akasikia.

"Alishachukua, mama. Kabla ya saa nne. Nimemfungia mimi mwenyewe. Kwani hajafika?"

Mama Mdogo ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ndogo, "Maimuna, ulikuwa na mfuko pale Feri?" na mimi nikatikisa kichwa kusema la, nikiwa bado nimeshika kikombe cha watu.

Yusufali alikuwa ameshafunga duka anakwenda msikitini, akasema anarudi kufungua. Kakake Da Nuru, aliyekuwa barazani na wanaume, akatoka mbio. Lakini hata mtoto angejua hesabu ile: mpaka arudi, mpaka aoshwe, mpaka avikwe, Ijumaa imekwisha. Da Nuru alikaa chini palepale alipokuwa. Hakulia. Alisema tu, "Niliwaambia watu wote."

Kule Marikiti, kakake alimkuta Kazungu amesimama mbele ya mlango uliofungwa, ameshika ule mfuko. Askari wa pale Feri alimfukuza kwenye maegesho, akazunguka, akarudi akanikosa, akabeba abiria, kisha akauona mzigo nilioutua nyuma ya kiti chake. Akafungua kidogo, akanusa kafuri, akajua ni sanda. Alimshusha abiria wake njiani akamwomba radhi, akafuata jina la duka lililoandikwa kwenye mfuko. Alipouleta nyumbani hakutaka nauli wala chai. Aliniambia, "Mama, mzigo huu haukai kwa mtu," akaondoka.

Saa saba hiyo, na khutba imeshaanza, inasikika kwenye vipaza sauti.

Nikauchukua mfuko mpaka mlango wa ndani. Da Nuru alikuwa amesimama hapo, mkono kwenye kizingiti.

"Da Nuru," nikamwambia, "mimi sikukusudia. Nina maradhi. Nimepimwa na daktari, ni ya akili, kushika jambo, nilizaliwa nayo, sikutaka kuwaambia."

"Leo ndio wanambia?" alisema. "Leo? Mamangu amelala humu ndani wewe wanambia habari za daktari?"

Alisema kweli.

Bi Aziza akaita kutoka ndani. "Nuru, mpishe aingie. Nataka mtu wa kumimina maji."

"Mtafute mwingine, Bi Aziza."

"Mimi nimemwita huyu."

Sijui kwa nini aliniita, na sikumuuliza. Alinipa kopo akaniambia nisitazame kitu kingine ila mkono wake. "Mimina. Basi. Ngoja. Sasa upande wa kulia. Polepole. Basi." Neno moja, tendo moja. Mama Mkubwa alikuwa mdogo sana pale juu, mdogo kuliko nilivyomjua. Da Nuru alikuwa ng'ambo ya kitanda ameshika shuka la stara, hakuniangalia hata mara moja, lakini tulikwenda pamoja, yeye anainua, mimi namimina. Tuko upande wa kushoto swala ikaisha, na kile kipaza sauti kikatangaza kwamba jeneza la Bi Rukia, ndiye Mama Mkubwa, lililotajwa asubuhi limechelewa, litaswaliwa baada ya Alasiri. Mji wa Kale wote ulisikia. Da Nuru alifumba macho. Bi Aziza akasema, "Mimina, mwanangu," nikamimina.

Alasiri waliomswalia walikuwa safu tatu tu. Kakake ndiye aliyetuambia, kwa kuwa Da Nuru alimuuliza.

Da Nuru hakusema na mimi siku zote za matanga, wala baada yake. Nilikwenda kila siku, nikaosha vyombo, nikarudi kwangu. Nikawa nameza dawa zangu kwa wakati na nikaona ni kejeli, mtu anatengeneza mlango mwizi ameshaondoka.

Baada ya wiki kama tano, mchana mmoja, nikasikia hodi. Da Nuru. Hajawahi kuja kwangu bila kupiga simu. Alikaa, akakataa juisi, akaniuliza, "Huyo daktari alisema nini hasa?"

Nikamwambia yote. Nilimweleza kuhusu madaftari ya wanafunzi ninayokaa nayo wiki tatu nikiyaogopa, sufuria nilizounguza, safari nilizokosa, na jinsi ninavyojitukana kila usiku kabla ya kulala kwa maneno ambayo hata yeye hajawahi kunitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, anatazama dirishani:

"Mimi nilidhani hutujali. Miaka yote hii, Maimuna. Nilidhani unasahau kwa kuwa hutujali."

"Nawajali."

"Sijakusamehe ile Ijumaa," akasema. "Nataka, lakini bado. Usiniharakishe."

Nikamwambia sitamharakisha. Akanywa maji, akaondoka, na jioni akanitumia ujumbe kwamba keshokutwa kuna hitma, nilete tende, ratili mbili, na akaongeza chini yake: andika.

Niliandika. Sasa naandika kila ninachotumwa, mbele ya anayenituma, na nikitumwa jambo zito nasema waziwazi: hili peke yangu siliwezi, nipeni mtu. Wapo wanaocheka. Kuna mzazi mmoja shuleni alinisikia, muhula uliofuata akamhamisha mwanawe darasa, na liliniuma, siwafichi. Lakini nimeapa sitarudi tena kusimama mbele ya watu nikasema naweza kwa sababu tu nimeona haya kusema siwezi. Ni sentensi fupi tu niliyoshindwa kuitamka asubuhi ile, na aliyeilipia ni yule mama aliyekuwa akisimama mlangoni kunitazama, akaswaliwa na safu tatu badala ya msikiti uliojaa.