Mshale wa Jua Kitaluni

Majina ya wanawake wote tuliokuwa nao kwenye vitalu vya tumbaku ninayo mpaka leo, ila siyataji. Wajukuu wao wanasoma, wasije wakayakuta humu.

Tulihamishwa kutoka Usinge, tukaletwa kijiji cha ujamaa upande wa Urambo. Miche ya kijiji kizima ilikuwa mahali pamoja. Ikifa, hakuna atakayepanda tumbaku mwaka huo. Bwana shamba akatuletea kibao kidogo cha kioo cheusi. Jua likikipiga kinatoa umeme kidogo, na umeme ule unasukuma mshale kwenye kipimo chenye mstari mwekundu. Mshale ukivuka mstari huo, tufunike miche kwa nyasi. Ukishuka, tufunue ikomae.

"Kioo kisiguswe na mtu," akasema.

Mimi nilikuwa nimejifunza namba kwenye kisomo cha watu wazima, nikapewa kazi ya kuutazama mshale. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo.

Siku moja wenzetu walikuwa wakichoma kuni juu ya vitalu vipya, kuua magugu na wadudu, kama tulivyozoea. Saa sita mama mkwe akaja, miguu mitupu.

"Mkamwana, nyayo zinaniungua. Funikeni."

"Mama, mshale uko chini."

"Huo mshale una nyayo?"

Wanawake wakacheka. Mama mkwe akakifunika kitalu kimoja peke yake. Nikaenda nikazitoa zile nyasi kwa mikono yangu, mbele za watu, mimi mke wa mwanawe.

Jioni miche ilikuwa imelala. Kesho yake, ukiishika inasagika kama ugoro mkavu. Bwana shamba akaja, akapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kikatoka kijivu, na mshale ukaruka ng'ambo ya mstari mwekundu.

"Hukuyaona haya majivu?"

"Niliyaona. Ulisema kisiguswe."

Mbegu tuliyosia tena ilichelewa mvua, mashamba yakakaa matupu.

Mama mkwe hakunigombeza. Ila tangu hapo hakuzitaja tena nyayo zake; kabla ya kuanika mihogo, alikuwa akija kusimama mlangoni kwangu, jua linampiga utosini, akiuliza:

"Mkamwana, leo jua lipo?"

Mwanzoni nilidhani ananikejeli. Lakini aliuliza miaka yote, mpaka mwaka aliofariki, na macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Lipo, mama," namjibu. Ndipo anaanika.