Klabu Iliyouzwa Mji Mwingine

Juzi nilikwenda harusini Westerville, huku huku Marekani, nikamwona kijana amevaa jezi ya ile klabu ya Kijerumani ya hoki ya barafu. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema ameinunua mtandaoni, ameipendea rangi. Nikacheka peke yangu, kile kicheko changu cha puani unachokijua, maana historia ya klabu hiyo naijua kuliko ya kijiji alichozaliwa baba yangu.

Niliisikia tulipokuwa tukiishi mji wa Lackawanna, majira ya baridi ya mwaka ule tulipofiwa na baba. Mama tulikuwa tumemzika katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Tukabaki watatu: mimi niliyekuwa nimetimiza miaka kumi na minane, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wa miaka saba. Niliacha shule nikaenda kupanga maboksi kiwandani. Jirani wa ghorofa ya chini, mzee wa Kijerumani, akawa anakaa na wadogo zangu wakitoka shule. Nikirudi nilikuta kwake kunanuka soseji na kabichi iliyochacha, madirisha yamefunga ukungu, watoto wanamenya viazi na yeye anasimulia.

Ujana wake wote aliumaliza akinoa vyuma vya viatu vya kutelezea katika klabu hiyo. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kwenye bwawa lililoganda, magoli yakiwa makreti ya mbao, na wake zao wakileta supu ya njegere kwa ndoo. Baadaye wakajenga ukumbi kwa mikono yao na wakachukua ubingwa mara mbili. Mpaka hapo, nakiri, ilikuwa hadithi nzuri. Kisha wakaja wenye suti. Klabu ikapewa jina la kiwanda cha bia, halafu la kampuni ya bima, kama ng'ombe anayepigwa chapa na kila anayemnunua. Mwishowe wakaiuza nafasi yake kwenye ligi kwa mji wa mbali. Wachezaji wakapakiwa kwenye basi, na mzee akakuta ukumbi umepigwa kufuli, mawe yake ya kunolea yamebaki ndani. Viongozi wakatangaza kwamba klabu haijafa, imehama tu. Mzee alikuwa akilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Sasa sikiliza. Kwetu, siku ya kuondoa tanga ndiyo siku ya kusema watoto wa marehemu watakwenda kwa nani. Baba mdogo alitoka Louisville, shangazi akatoka Columbus, na walikuwa wameshatugawana kwenye simu. Niliwajua kwa nguo walizoleta, kwa sababu kila mmoja alimnunulia yule aliyemchagua. Shangazi alileta koti jekundu la mdogo wangu wa kike, kwani alitaka mtu wa kumshikia mtoto akiwa kazini. Baba mdogo alileta viatu vyenye taa kwenye soli, vya kitinda mimba, ambaye alivivaa papo hapo akawa anapiga mguu sakafuni viwake. Mimi sikuletewa hata soksi. Waliimba nyimbo za kanisa kwa machozi mengi, wakala wali na maharage yangu, wakaongeza.

"Familia haivunjiki, binti yangu," baba mdogo alisema, akijipangusa mdomo. "Inapanuka tu."

Baba alizoea kutuambia kwamba figa moja haliinjiki chungu. Nikawatazama wale wawili, nikawaona wamevaa suti.

"Klabu ya mzee wa chini nayo ilipanuka, baba mdogo. Shuka ukamuulize."

"Ana kiburi huyu," shangazi alisema. "Shule yenyewe umeacha. Utawalisha nini?"

"Hayo maharage uliyomaliza, shangazi."

Nilikunja lile koti, nikamvua kitinda mimba viatu huku ananipiga mateke. Alilia mpaka akalala. Wageni waliondoka na nguo zao bila kuaga, na mchungaji aliniambia nimewavunjia heshima wakubwa. Ni kweli niliwavunjia. Wadogo zangu walibaki.

Mzee amekwisha kufa. Ile nyumba ina wapangaji wapya na ngazi hazinuki tena chochote. Klabu, nasikia, husherehekea kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake, ikijihesabia hata wale wa bwawani, watu ambao isingewaruhusu leo kupita mlangoni. Na wajisifu. Wadogo zangu niliowalea hunijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeketi nao akawasimulia habari za watu wa upande wa baba. Hilo nalo lilikwenda na wageni wale.

Mwaka jana kitinda mimba aliniuliza kama ni kweli tuna ndugu Louisville. Nilimwambia tunao, na siku akitaka kuwasalimia tutakwenda wote watatu, na tutarudi wote watatu.