Raba za Waipa

Leo nimebadilisha waipa za gari hapa Kitengela, na harufu ya raba mpya imenirudisha utotoni. Kila msimu wa mvua ulipokaribia, baba alimwaga maji kwenye kioo cha mbele na kusimama nje, mimi nikimtazama kutoka ndani waipa zikipita. Nikimwona na mistari, raba zimekwisha.

Siku moja tulipata habari kwamba nyanya alikuwa mahututi huko Kajiado, na baba akapima waipa kabla hatujaondoka.

"Mama," baba akaniita kutoka nje, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "mimi ni baba ama punda milia?"

Alikuwa mistari mitupu. Lakini kutafuta raba nyingine kungetuchelewesha.

"Ni baba," nikamjibu.

Mvua ilitupata Isinya. Waipa zilikwaruza tu, kioo kikawa matope, tukasimama kando ya barabara mpaka ikakatika. Tulipofika, nyanya alikuwa amefunikwa uso. Baba hakuniuliza chochote kuhusu ile mistari, hata siku moja.